Chambo Alichoficha Calist

Kambale mkubwa hafi kwa pigo moja. Calist alimpa matatu. La kwanza alilishusha juu ya fuvu, pale kichwa kinapokuwa bapa na kigumu kama kigae. Hilo lilikuwa la kumzubaisha tu. La pili palepale, kabla samaki hajakumbuka yuko wapi. La tatu nyuma ya kichwa, mfupa unapoishia na nyama laini inapoanza, na hapo ndipo sharubu zilipoacha kucheza. Baada ya hapo alimkanyaga shingoni, akaingiza kisu chenye ncha butu kooni na kuizungusha ndoano mpaka ikatoka na kipande cha nyama.

Waganda humwita samaki huyu male, Wajaluo mumi, na katika maziwa yote niliyopita, Kyoga, Rukwa, Kitangiri, sijaona anakouawa kwa upole. Ana mwiba kwenye kila pezi la ubavuni, na ukimshika vibaya anautumia. Kiganja cha kulia cha Calist kilikuwa na shimo ambalo halikuziba vizuri. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimechanika na kuungana upande, kwa sababu ndoano iliwahi kumwingia mpaka kwenye mfupa akiwa katikati ya ziwa. Hakuirudisha ilikotoka, maana kijino cha nyuma ya ncha kingebeba nyama. Aliisukuma mbele mpaka ncha ikatokeza upande wa pili, akaikata kwa koleo, kisha akaendelea kuvuta kamba.

Alizaliwa Kinyangiri, kwa watu wa mtama na ng'ombe, na huenda angebaki huko kama asingempiga kaka yake kwa mpini wa jembe na kumvunja taya. Waligombana juu ya fahali. Alikuwa na miaka kumi na saba. Baba yao alimwekea nguo zake nje ya mlango, naye akatelemka mpaka Ziwa Kitangiri, ambako watu hawakuuliza sana mtu ametokea wapi. Huko alijifunza mgonzo: kamba moja ndefu iliyofungwa kwenye vigingi viwili ndani ya maji, yenye vijikamba vifupi vinavyoning'inia, kila kimoja na ndoano yake. Hutegwa jioni, huvutwa alfajiri.

Miaka ya uhaba ndoano hazikuwepo. Alizitengeneza kwa spoki za baiskeli, akizichoma kwenye mkaa, akizikunja kwa koleo na kuzinoa juu ya jiwe. Mwaka 1983, wakati wa msako wa walanguzi, mgambo wawili walimkuta nazo arobaini ndani ya kopo. Walimuuliza anaziuza kwa nani. Alisema anavulia. Walimpiga kwa mikanda mpaka akasema anaziuza, halafu wakampiga tena kwa kuwa hakuweza kumtaja mnunuzi. Kopo waliondoka nalo.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Kufikia mwaka 1991 maduka ya Singida mjini yalikuwa na ndoano za kila namna, kwenye pakiti za karatasi, zinang'aa kama hereni. Wavuvi wa Kitangiri walizinunua kwa pupa. Kambale akishanasa hujizungusha kama mtu anayekamua nguo, na zile ndoano nzuri zilinyooka zikawa pini. Calist hakununua kwa macho. Alichukua moja ya kila aina, akaikita kwenye mwimo wa mlango wake, akaviringisha kamba mara mbili mkononi na kuvuta kwa uzito wake wote. Iliyofunguka aliitupa ziwani huku akilitukana duka. Mwisho alibaki na aina moja, nyeusi, isiyong'aa, shina fupi na mdomo mpana; namba saba kwa kambale wa kubebwa begani, namba kumi kwa wale wa kukaushwa. Ncha aliijaribu kwenye ukucha: ikiteleza, inarudi kwenye tupa, ikikwaruza na kushika, inaenda majini.

Ndoano watu waliiga. Chambo hawakuweza, kwa sababu hawakukijua.

Wengine walitumia minyoo, ambayo samaki wadogo waliimaliza kabla ya giza. Walitumia panzi, vyura waliochanwa tumbo, utumbo wa kuku. Ini la ng'ombe lilikuwa bora kuliko vyote, lakini maji huliosha upesi likabaki kama kitambaa, tena kuna watoto wanaolia njaa nyumbani na wewe unampelekea samaki ini. Calist yeye siku moja alimpasua kambale na kukuta tumboni kipande cha sabuni, kimeng'atwa pembe zote. Mkewe Emiliana alikuwa amekipoteza jana yake akifua. Alikaa juu ya mtumbwi akikitazama kwa muda mrefu.

Alihitaji miezi kadhaa kujua ni sabuni gani inayofaa. Sabuni ya kuogea ilipasuka. Sabuni ya bluu ya dukani iliyeyuka. Iliyofaa ilikuwa nyeupe, nzito, yenye harufu kali kidogo, ambayo bruda mmoja wa misheni aliichemsha mwenyewe na kuiuza kwa mche. Calist aliikata vipande vya ukubwa wa jino la ng'ombe, akavianika siku mbili mpaka vikaota ngozi ngumu. Hakuvichoma kwa ndoano, maana vilipasuka; alivifunga kwenye shina kwa uzi wa kushonea, akiiacha ncha wazi. Majini kipande kiliyeyuka polepole usiku kucha, harufu ikatembea, na kambale wanaoona zaidi kwa sharubu kuliko kwa macho wakaifuata kutoka mbali. Wenzake walipotoa sita, yeye alitoa ishirini na tano.

Hakumwambia mtu. Kila Jumatano alikwenda misheni kwa baiskeli na debe lenye mfuniko, akarudi nalo limefungwa kwa mpira. Mikono yake ilinukia sabuni siku zote, na mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, walimcheka.

"Calist anaoga akienda kazini," Laurian alikuwa akisema. "Sisi tunaoga tukirudi."

Laurian alitega jirani naye. Alikuwa mvuvi mzuri, mwenye mdomo, na mwaka ule alikuwa akitoa sita.

Mnunuzi wa Calist alikuwa Mzee Abdillahi, mfanyabiashara wa Utemini, Singida mjini, ambaye lori lake lilishuka mwaloni kila wiki kuchukua kambale wa moshi. Wengi wa wateja wake walikuwa Waislamu kama yeye. Alikuwa mtu wa maneno machache na viatu safi. Kwa Calist alikula: Emiliana alikuwa amemtengea sufuria yake, haikupikiwa kitu kingine, na kuku wa siku hiyo Abdillahi alimchinja kwa mkono wake. Vijana wake wa kupakia walikula naye. Wanunuzi wengine walipolalamika kwamba Calist anampa mzee mzigo wote, Calist alijibu kwamba wengine hawakuwa na sufuria.

Sasa, misheni ile ilifuga nguruwe. Jambo hilo lilijulikana na halikumsumbua mtu. Lakini Jumatano moja ya mwezi wa Agosti 1992, lori likiwa linapakiwa, Laurian aliweka chini kasia lake na kumwambia Calist kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza saa:

"Baba Lea, utumbo wa leo ni wa dume au wa jike?"

"Utumbo gani?"

"Huo wa kwenye debe. Wa nguruwe wa bruda. Au unafikiri hatuoni unakotoka?"

Vijana wa kupakia waliacha magunia. Idrissa, mnunuzi kutoka mjini aliyekuwa akigombea samaki wa Calist kwa mwaka mzima bila kupata, alisogea. Alikuwa na mabega mapana na hakupenda mzaha katika mambo ya dini.

"Fungua," alisema.

"Debe ni langu."

"Samaki ni wetu sote. Fungua tuone."

Calist alikalia debe. Kama lingefunguliwa, ziwa zima lingekuwa na sabuni kesho yake, na yeye angerudi kuwa mtu wa samaki sita. Alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua anachotuhumiwa. Kwa hiyo alisema neno baya kuliko yote aliyoweza kuchagua:

"Ndani kuna siri yangu."

Idrissa alimpiga ngumi ya sikio. Calist alianguka na debe, akalikumbatia, na wengine wakaja na miguu. Walimkanyaga mbavu, mgongo, vidole vilivyoshika mpini. Mmoja alimvuta kwa mguu mpaka shati likapanda kichwani, akawa anapigwa bila kuona anayempiga. Alisikia ubavu ukilia ndani yake. Emiliana alikuja mbio kutoka kwenye jiko la moshi na ukuni unaowaka, akamchoma kijana mmoja nyuma ya paja. Akatupwa kwenye matope. Na bado Calist hakuliachia debe.

Ndipo Mzee Abdillahi alipoingia katikati, viatu vyake vikizama.

"Acheni. Nimekula nyumbani kwa mtu huyu. Nasema wallahi, samaki huyu hajagusa nguruwe. Wallahi, tena wallahi. Kama ni uongo, ni juu yangu mimi."

Idrissa alikuwa ameshaokota kasia la Laurian na ameshalinyanyua. Lilikuwa linamwendea Calist. Mzee alinyoosha mkono, na kasia likampata kwenye kiwiko. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama kijiti kikavu. Mkono wa chini ulining'inia ukitazama upande usio wake.

Calist alitoa shati usoni, akauona ule mkono. Akaachia debe, akang'oa mpira na kulipindua.

Vipande vyeupe vilitawanyika juu ya mchanga. Watu waliinama.

"Mafuta," alisema Idrissa. "Si mnaona? Mafuta yenyewe ya nguruwe, yamekatwa."

Calist aliokota kipande, akakitia mdomoni na kutafuna. Povu lilimtoka, likachanganyika na damu ya midomo, likamtiririka kifuani. Alitafuna cha pili. Alipotaka kusema, kilitoka kiputo.

Mtu mmoja alicheka. Halafu wote wakacheka, hata kijana aliyeunguzwa paja, hata waliokuwa bado wamekunja ngumi. "Sabuni," walisema. "Kambale wanataka kuoga." Abdillahi peke yake hakucheka, alikuwa amekaa chini akishikilia kiwiko, uso umekuwa wa majivu. Idrissa alipiga magoti mbele yake akimwomba radhi na kumwita baba. Laurian naye aliinama kama anayesaidia kukusanya, akatia vipande vitatu mfukoni.

Wiki iliyofuata, ubavu umefungwa kwa kipande cha kanga, Calist alikwenda misheni. Alikuta baiskeli nne zimeegemezwa ukutani. Bruda alifurahi kumwona.

"Mmenimaliza," alisema. "Ziwa zima limekuwa safi kwa wiki moja. Nguruwe wawili hawatoshi tena, itabidi nichinje wa tatu."

"Nguruwe wa nini, bruda?"

"Wa mafuta. Sabuni inachemshwa kwa mafuta gani?"

"Nilifikiri ya ng'ombe."

"Ng'ombe wenu hawana mafuta, wana mifupa."

Calist alirudi na debe tupu. Yeye ni Mkatoliki, nyama ya nguruwe alikuwa akila sikukuu na kushukuru. Lakini njia nzima alikuwa anasikia wallahi, tena wallahi, na kile kijiti kikivunjika. Nyumbani alimweleza mkewe. Emiliana alikuwa anakanda bega lake mwenyewe, lililovimba tangu alipotupwa matopeni.

"Mwaka mzima umenyamaza juu ya sabuni," alisema. "Umevunjwa ubavu ukinyamaza. Juu ya mafuta ndiyo huwezi?"

"Sabuni ilikuwa siri yangu. Hiki kiapo ni cha mzee."

"Ukimwambia hatanunua tena."

"Najua."

"Na wengine wote wanavua kwa sabuni ileile, na watamuuzia huyo Idrissa, na hakuna atakayesema. Utalala njaa peke yako."

"Mama Lea, nimeshajua."

Alipanda lori la mahindi mpaka Singida, kila shimo la barabara likimwingia ubavuni. Utemini alimkuta Mzee Abdillahi uani, mkono umo ndani ya plasta nyeupe kutoka kwenye vidole mpaka begani. Magunia tisa ya kambale, ya siku ile ya vita, yalikuwa yamepangwa ukutani yakisubiri wachuuzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, kaa. Zabibu, mletee mgeni chai."

Calist hakukaa. Alisema akiwa amesimama, maneno yote kwa mkupuo, kuanzia nguruwe wawili mpaka wa tatu. Abdillahi alisikiliza akitazama chini.

"Rudia."

Alirudia.

"Ulijua?"

"Sikujua. Ningejua nisingekuacha uape."

Mzee alinyanyuka. Alimpiga kwa mkono uleule wenye plasta, mzima mzima, kama anayepiga kwa gogo. Pigo lilimpata Calist kwenye shavu na kumwangusha juu ya magunia; na Abdillahi mwenyewe akajikunja, akatoa sauti kama ya mnyama, maana mfupa ulikuwa haujashika. Zabibu, mkewe, alitokea na chai, akasimama mlangoni.

Alipoweza kupumua, mzee aliingia ndani, akarudi na kisu na chupa ya mafuta ya taa. Alipasua gunia la kwanza kutoka juu mpaka chini. Kisha la pili. Kwa mkono mmoja kazi ilikuwa ngumu, na Calist, shavu limeshaanza kuvimba, aliinuka akamshikia midomo ya magunia. Kambale wakavu walimwagika katikati ya ua, wamejikunja, midomo wazi. Abdillahi alimimina mafuta ya taa, akawasha. Moshi ulipanda mnene na wa njano, majirani wakachungulia juu ya ukuta, wakauliza kama nyumba inaungua.

"Hawa nimewaweza," alisema mzee. "Waliokwisha kuliwa siwezi kufungua matumbo ya watu. Ijumaa baada ya sala nitasimama niwaambie nilichoapa na kilichokuwa kweli. Wewe utakuwa nje, mlangoni. Wakitaka kukupiga, wakupige. Sitakukinga mara ya pili, sina mkono mwingine."

"Nitakuwepo."

Calist alilala siku tatu kwenye ghala tupu, akila chakula alicholetewa na Zabibu. Ijumaa alisimama nje ya msikiti mdogo, kofia mkononi, akisikia sauti ya mzee kupitia dirishani, si maneno. Halafu ndala zikaanza kuburuzwa.

Walitoka wakamzunguka. Mzee mmoja wa kanzu alimtemea mate miguuni, akaenda zake. Wengine walibaki. Mbele yao alitoka Idrissa, na watu wakampisha, kwa sababu yeye alikuwa amesema kweli tangu mwanzo na amemvunja mtu mkono kwa ajili ya kweli hiyo, kisha akaomba radhi.

"Ni wewe?" aliuliza, kama hamjui.

"Ni mimi."

Ngumi ilimpata mdomoni. Calist alipiga goti moja, akatema jino, akasimama tena mahali palepale. Mikono aliiacha chini. Idrissa alikuwa ameshakunja ya pili. Ilikaa hewani.

"Mbona hukimbii?"

"Nikimbie niende wapi? Samaki nawauza hapa."

Mtu nyuma alisonya. Idrissa alimtazama Calist, akatazama ngumi yake, iliyokuwa imechanika kwa jino.

"Na sasa utavulia nini?"

"Ini."

"La mnyama gani?"

"Ng'ombe."

"Aliyechinjwa na nani?"

Calist alifuta damu. Abdillahi alikuwa ametoka, amesimama kwenye kizingiti akitafuta kiatu chake kwa mguu.

"Nitachinja mimi," alisema mzee bila kugeuka. "Mkono ukipona. Kwa sasa achinje Idrissa, nguvu anazo."

Na ndivyo ilivyokuwa. Tangu mwezi wa Septemba, lori lililoshuka mwaloni lilileta debe la maini kutoka machinjioni, na Idrissa mwenyewe ndiye aliyeketi juu yake njia nzima. Maini yalifika yameshaanza kuoza, jambo ambalo kambale hakuchukia. Laurian alivua kwa sabuni, akatoa ishirini na tano, akawauza Shinyanga kwa watu wasiouliza. Calist alitoa tisa, siku nzuri kumi, akawafikisha kwenye lori huku Idrissa akimpasua kila mmoja tumbo na kunusa kabla ya kumtia kwenye gunia.